Marehemu Sam Ntiro: Mchoraji Aliyefundishwa Kuona kwa Moyo



Ni desturi ya jarida letu kueleza maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kututangulia, ili vijana wapate cha kuiga na wazee wapate cha kukumbuka. Safari hii tumemchagua mchoraji. Huenda wako watakaouliza: mchoraji ana nini cha kutufundisha sisi wa Msimbazi, ambao toka asubuhi hadi jioni macho yetu yamejaa mikokoteni, marobota ya vitenge na msongamano wa Kariakoo? Tunajibu kwamba ni kwa sababu hiyo hasa tumemchagua. Mtu anayepita katikati ya vitu vingi namna hiyo kila siku, asipojifunza kuona, hupita kama kipofu.

Marehemu Sam Joseph Ntiro aliishi kati ya 1923 na 1993. Alikuwa mchoraji, mwalimu, mwandishi, na balozi wa nchi yetu. Ni miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kabisa kusomea uchoraji katika chuo kikuu. Lakini jambo linalotufanya tumsimulie hapa si vyeo hivyo. Alifundishwa sanaa kwa njia ambayo leo wengi wangeishangaa: alifundishwa kwanza kufumba macho.

MACHAME

Ntiro alizaliwa Machame, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Kwa wale wasiofika huko, Machame ni nchi ya vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba za ukoo mmoja kizazi baada ya kizazi. Maji hushuka kutoka mlimani kwa mifereji iliyochimbwa na wazee, na mfereji haumilikiwi na mtu mmoja. Ukiziba, wanaoutumia hutoka pamoja kuuzibua. Nyumba, harusi na mazishi navyo vilikuwa kazi za wengi.

Tena Machame ni mahali ambapo Walutheri wa Misheni ya Leipzig walianza kazi yao Kilimanjaro, mwaka 1893. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa huko mwaka 1923 alikua kati ya kengele ya kanisa na desturi za ukoo, akisikia Neno la Mungu Jumapili na hadithi za mababu jioni. Katika nchi hiyo walikuwapo wamisionari walioona kwamba Ukristo lazima uvunje desturi ili ukae. Walikuwapo pia wengine, kama Bruno Gutmann aliyefanya kazi kwa miaka mingi Moshi, ambao walishika kwamba undugu wa ukoo, ujirani na rika ni mapokeo ya Mungu mwenyewe, yasiyofaa kuharibiwa. Mabishano hayo yalikuwa hewani wakati Ntiro akikua, na mtu akitazama picha zake haoni shida kujua yeye alisimama upande gani.

MAKERERE NA MAMA TROWELL

Miaka ya 1940 kijana huyu alikwenda Makerere, Uganda. Wakati ule Makerere ndiyo ilikuwa kilele cha masomo kwa Mwafrika wa sehemu hizi. Watu waliitazamia iwatoe waganga, walimu na makarani wakubwa. Uchoraji ulikuwa jambo la pembeni, na pembeni hasa ndiko ulikoanzia. Mwingereza mmoja, Margaret Trowell, mke wa daktari, alianza kufundisha wanafunzi wachache barazani kwake mwaka 1937.

Hapana budi tumweleze mama huyu kidogo, maana bila yeye habari ya Ntiro haieleweki. Alizaliwa London mwaka 1904, akasomea uchoraji katika Slade School of Fine Art, kisha akasomea ualimu chini ya Marion Richardson. Huyu Richardson alikuwa na njia yake. Hakuweka chungu au ua mezani na kuwaambia wanafunzi wanakili. Aliwaambia wafumbe macho, kisha akawaeleza jambo kwa maneno: mtaa wakati wa mvua, au mwanga dukani usiku. Wakishaiona picha ndani ya vichwa vyao, ndipo walipofumbua macho na kuchora.

Bibi Trowell alikuja Kenya mwaka 1929 na kukaa Ukambani, kisha mwaka 1935 akahamia Uganda. Alileta njia hiyo ya Richardson, lakini yeye alikuwa Mkristo wa dhati, akaichanganya na imani yake. Fikra zake tunaweza kuzieleza kwa mambo matatu.

La kwanza, aliamini kwamba kila binadamu amewekewa picha ndani yake, na kwamba kazi ya mwalimu ni kuziita zitoke, wala si kumwaga zake mwenyewe.

La pili, aliamini kwamba sanaa iliyo hai huzaliwa mahali ambapo watu wanaabudu pamoja na kufanya kazi pamoja. Alizitazama zama za kale za Ulaya, wakati fundi seremala, mchongaji na mchoraji wote walikuwa wakijenga kanisa moja, akaona kwamba Ulaya yake mwenyewe imeupoteza umoja huo. Alipoona ngoma, vikapu, vyungu na mikeka ya Uganda, akaona kwamba huku umoja ule bado uko. Alikusanya vitu hivyo kwa bidii, akawa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, na kwa muda makumbusho hayo yalikuwa hapo hapo Makerere. Mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann walitoa kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za Uganda. Hivyo mwanafunzi wake alichora huku vikapu na ngoma za mababu vikiwa karibu naye.

La tatu, aliona kwamba kumfundisha kijana wa Kiafrika ufundi wa Ulaya mapema mno kungemfunika macho yake ya asili. Kwa hiyo masomo ya kuchora mwili wa mtu kwa kumtazama, na kunakili picha za mabingwa wa Ulaya, hakuyapa nafasi. Aliwasomea au kuwasimulia wanafunzi visa vya Biblia na vya vijijini kwao, kisha akawaacha wachore walichokiona moyoni.

Wanafunzi wa kwanza, akiwamo Gregory Maloba wa Kenya aliyekuja kuwa mchongaji mashuhuri, walipita katika njia hiyo. Ntiro naye alipita humo. Na picha zilizomtoka zilikuwa za Machame.

NJIA HIYO ILIKUWA NZURI, NA ILIKUWA NA KASORO

Tusitazame upande mmoja tu. Uzuri wa mafundisho ya Bibi Trowell ni kwamba yalimwambia kijana wa Kiafrika, katikati ya ukoloni, kwamba kijiji chake kinastahili kuchorwa. Hilo halikuwa jambo dogo. Shule nyingi za wakati ule zilimfundisha mtoto mito ya Uingereza kabla ya mto anaochotea maji. Hapa kijana aliambiwa kwamba mama yake akibeba mkungu wa ndizi ni jambo la kutosha kwa picha.

Lakini kasoro ilikuwapo. Mtu anayekufungia mlango ili usiharibiwe na mambo ya nje, amekwisha kuamua kwa niaba yako wewe ni nani. Nani alisema kwamba Mwafrika akijifunza mifupa na misuli ya mwili atapoteza roho yake? Daktari wa Makerere alijifunza mifupa hiyo hiyo na hakuna aliyeogopa. Katika ulinzi ule mlikuwa na mapenzi, na humo humo mlikuwa na dhana ya mkoloni kwamba Mwafrika ni mtu wa moyo tu na si wa akili. Bibi Trowell alipoondoka Makerere mwishoni mwa miaka ya 1950, aliyemfuata, Cecil Todd, aligeuza mambo. Alileta historia ya sanaa ya dunia, elimu ya rangi, na mazoezi ya kuchora kwa kutazama. Wanafunzi waliompata yeye walitoka na ufundi mwingine kabisa. Mabishano juu ya nani kati ya hao wawili alikuwa na haki yameendelea miaka mingi miongoni mwa wachoraji wa Afrika Mashariki.

Maisha ya Ntiro ndiyo kipimo cha mabishano hayo, kwa sababu yeye alipitishwa kwenye milango yote miwili.

LONDON, NA KURUDI

Baada ya masomo yake Ntiro alibaki Makerere kama mwalimu. Kisha, kati ya 1952 na 1955, alikwenda London kusoma katika Slade, chuo kile kile alichosoma mwalimu wake. Huko hakukuwa na kufumba macho. Slade ilijulikana kwa jambo moja juu ya yote: kumtazama mtu aliyesimama mbele yako na kumchora sawasawa alivyo. Na nje ya chuo palikuwa na majumba ya sanaa yaliyojaa kazi za mabingwa wa dunia.

Sasa hapa ndipo pa kuangalia. Mtu angetazamia kwamba angerudi akichora kama Mwingereza, au kwamba angeshindwa kabisa na kuvunjika moyo. Hakuna lililotokea. Alijifunza aliyofundishwa, akatazama aliyoonyeshwa, kisha akaendelea kuchora Machame, kwa namna yake ile ile iliyo nyepesi kwa macho: vilima vya kijani kizito, migomba, njia nyekundu, na watu wengi wadogo wadogo wakiwa kazini. Wanavuna, wanajenga nyumba, wanachunga ng'ombe, wanakwenda sokoni. Nyuso zao mara nyingi hazina alama za kumtambulisha huyu ni nani, kwa maana anayechorwa si fulani bin fulani bali ni jamii nzima ikitenda jambo.

Miongoni mwa picha hizo iko moja ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi, ile mbege, kwa bibi harusi wakati wa usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na jumba la makumbusho la Museum of Modern Art la New York, Marekani. Fikirini, vijana: kati ya kazi za mabingwa ambao majina yao yanatajwa dunia nzima, imewekwa harusi ya Machame.

Hakuchora tu. Mwaka 1953, akiwa bado katika miaka ile ya London, kilitoka kitabu chake cha Kiswahili, Desturi za Wachagga, kilichochapishwa na Eagle Press ya Nairobi. Kitabu na picha ni kazi moja kwa mikono miwili. Kwa kalamu alieleza desturi ili zisisahauliwe, na kwa brashi alizionyesha zikitendeka.

Wengine wamemlaumu kwamba hakubadilika, kwamba alichora kijiji kile kile maisha yake yote na kukipamba, akaacha njaa, ugomvi na dhuluma nje ya picha. Lawama hiyo ina uzito wake, na msomaji mwenye haki ataipima. Lakini tupime na hili pia. Miaka mingi ya maisha yake Ntiro hakuishi Machame. Aliishi Kampala, London na Dar es Salaam. Kila picha ilikuwa ni safari ya kurudi nyumbani kwa kumbukumbu. Mwalimu wake alimfundisha kufumba macho akiwa darasani, naye akagundua kwamba ni namna ya kuishi ugenini bila kupotea. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Ntiro alikataa utumwa huo kwa kutumia brashi.

BALOZI NA MTUMISHI

Mwaka 1958 Ntiro alimwoa Sarah Nyendwoha wa Bunyoro, Uganda, aliyesoma historia katika Chuo Kikuu cha Oxford na kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata digrii. Mama huyu alikuwa mwalimu na mtetezi shupavu wa haki za wanawake, na aliishi hadi 2018. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya elimu kwa pande zote mbili.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, taifa jipya lilihitaji watu wake waliosoma, nao walikuwa wachache mno. Ntiro aliitwa, akawa Balozi wa Tanganyika London, kazi aliyoishika hadi 1964. Hivyo mji ule alioufikia kama mwanafunzi wa koloni aliurudia kama mwakilishi wa nchi huru. Baadaye alirudi nyumbani na kuwa Kamishna wa Utamaduni, kisha akafundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani.

Mwenye kujua kazi za ofisi anajua pia gharama yake. Faili halina huruma kwa mchoraji. Kila saa iliyokwenda kwenye mikutano ni saa iliyotoka kwenye rangi. Lakini kizazi kile kilikuwa na imani kwamba elimu si mali ya aliyeipata, ni deni kwa waliomsomesha. Nayo imani hiyo ilikuwa karibu sana na ile aliyoipata Makerere, kwamba kazi ya mtu hupata maana ndani ya jamii yake. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 na watu wakahimizwa kuishi na kufanya kazi pamoja, Ntiro hakuhitaji kubadili picha zake. Alikuwa ameshachora ushirikiano huo kwa miaka mingi kabla haujawa siasa.

MJI WETU KATIKA WAKATI WAKE

Inafaa tukumbuke hali ya Dar es Salaam ya siku zile. Mwaka 1968, wakati Azimio bado ni bichi, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru ambaye hakupata shule ya uchoraji hata siku moja, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari. Aliuza kazi zake karibu na Morogoro Stores, Oysterbay, hadi alipouawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Wachongaji wa Kimakonde nao walikuwa wakitoa katika mpingo mashetani ya hadithi zao. Na hapa kwetu Kariakoo, mwaka 1975 lilifunguliwa soko kubwa lililobuniwa na msanifu wetu wenyewe, Beda Amuli, lenye paa linalokaa kama miavuli iliyogeuzwa, na sehemu ya chini tunayoiita Shimoni. Soko hilo liliungua Julai 2021, lakini sura yake imo vichwani mwa kila aliyekulia Msimbazi.

Tunawataja hawa pamoja kwa sababu wanamsaidia msomaji kuelewa jambo. Tingatinga hakufundishwa na mtu. Ntiro alifundishwa katika vyuo viwili. Mmakonde alifundishwa na mjomba na baba. Njia ni tatu, lakini wote walichota kisima kimoja: walitoa kile walichokiona ndani kwanza, kisha mikono ikafuata. Falsafa ya Bibi Trowell, tukiipunguzia dhana zake za kikoloni, inabaki na ukweli huo. Na maisha ya Ntiro yanaongeza ukweli wa pili ambao mwalimu wake hakuuamini vya kutosha, kwamba mtu aliye imara ndani yake anaweza kusoma ufundi wa dunia yote na bado akabaki yeye.

NENO KWA VIJANA, NA KWETU WAZEE

Vijana, wengi wenu mmekwisha kuambiwa kwamba kuchora ni mchezo wa wale walioshindwa hesabu. Ntiro hakuwa mtu wa kushindwa. Aliweza kuwa balozi, aliweza kuandika kitabu, aliweza kufundisha chuo kikuu, na katika yote hayo hakuacha kuchora. Jaribuni mazoezi yake. Leo usiku, kabla ya kulala, fumba macho na uione njia unayopita kuja shuleni. Mwone mama anayepanga nyanya mafungu mafungu, tano chini na moja juu. Mwone mchukuzi wa mkokoteni anavyoinamisha shingo kwenye kilima kidogo ambacho wewe hukijui kwamba ni kilima, kwa sababu hujawahi kukipanda na mzigo. Rangi ya shati lake ni ipi? Kivuli chake kinaangukia wapi? Ukishindwa kujibu, basi kesho ukipita angalia vizuri zaidi, kwa heshima, kwa maana huyo ni jirani yako. Ukiweza kujibu, chukua penseli.

Nasi wazee tuliokwisha kutoka hapa, tukikutana tusiishie kula pilau na kuhesabiana watoto. Wengi wetu tulimaliza shule bila kushika brashi hata siku moja. Si lazima na hawa wamalize hivyo. Karatasi, rangi chache, na chumba kinachofunguliwa saa moja baada ya masomo si gharama ya kuvunja mgongo wa mtu aliye kazini. Darasa la Makerere lilianzia barazani, nalo likatupa Ntiro. Baraza sisi tunazo.

Mungu aiweke roho ya marehemu mahali pema.